Je, barabara moja mpya ya ndani inaweza kuuamsha mji wa Moshi upande wa kusini mwa reli?

Mwana wa Njoro (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa. Nimezaliwa na kukulia Moshi, na kuna jambo hunijia kila jioni ninapovuka reli kwa miguu kurudi nyumbani. Upande wa juu wa reli, kuanzia mnara wa saa hadi Soko la Kati, mitaa imenyooka, ina mitaro, ina miti ya kivuli na kila kona ina jina lake. Ukishavuka kwenda kusini, njia zinaanza kujikunja katikati ya kuta za maghala ya zamani na nyumba za kupanga, na mtu wa Njoro mwenye mzigo wa kupeleka Pasua huona bora apande kwanza mjini, kisha ashuke tena.

Hoja yangu ni kwamba tukifungua barabara moja tu ya ndani, yenye lami, mitaro na taa, ikapita nyuma ya maghala sambamba na reli na kuziunganisha kata zetu za kusini, yale maghala yaliyolala yatapata watu wa kuyatumia, wenye nyumba watapata sababu ya kujenga upya, na mji utapumua. Sizungumzii mradi wowote uliotangazwa; ni wazo langu, na ningependa mlichambue bila kunionea haya.

Mkongwe wa Kibosho

Naliunga mkono, na ushahidi ni mji wenyewe. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, kule kwa Mangi Meli. Reli kutoka Tanga ilipofika uwandani mwaka 1912, shughuli zote zikashuka kuifuata, na pale palipokuwa pori pakawa Moshi hii tunayoijua. Hakuna aliyewalazimisha wafanyabiashara kushuka. Njia ikifunguka, watu huja wenyewe.

Karani wa Kahawa

Shikamoo Mzee wa Kibosho. Nakurekebisha kidogo kwa heshima: reli yenyewe ilifika Moshi mwaka 1911, na 1912 ndipo ilipofunguliwa rasmi. Arusha walisubiri hadi 1929.

Lakini tofauti yangu na wewe si ya mwaka. Reli ile haikuja mikono mitupu. Wakulima wa mlimani walianza kupanda kahawa kwa wingi, mwaka 1925 wakaunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa, ikaanza. Mji ulijengwa na gunia la kahawa lililoteremka mlimani, likakobolewa hapa, likapandishwa kwenye behewa. Reli ilikuwa mbebaji tu. Maghala anayoyasema mwanzisha uzi yamelala kwa sababu mzigo uliokuwa ukiyajaza umepungua, na ukiyawekea barabara ya lami mlangoni bila kuyatafutia mzigo mwingine, utakuwa umeyapambia mlango tu.

Kijana wa Ngarenaro

Ndugu zetu wa Moshi, mnafikiri sana. Njooni Arusha mwone kwa macho. Ile barabara ya mchepuo kutoka Ngaramtoni kuzunguka kusini mwa jiji hadi Usa River, kilomita 42.4, ilipita katikati ya mashamba ya mahindi na maharage. Leo ukiipita kule Muriet unakutana na wauza mbao, nondo na matofali, gereji, na kuta za viwanja kila mahali. Huo ndio mradi wa miji ya kimkakati uliotupa lami. Nyie mna mji msafi kuliko wote nchini na hilo tunawapa kwa moyo mmoja, lakini usafi pekee haujengi ghorofa.

Mkadiriaji Majenzi

Mwanangarenaro umechanganya miradi miwili, na ni muhimu tuitenganishe kwa sababu inafundisha mambo tofauti.

Mchepuo wa Arusha ulikuwa sehemu ya mradi wa barabara ya Arusha–Holili–Taveta–Voi, unaounganisha nchi yetu na Kenya, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika mradi huohuo ndimo ilimotoka njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1. Mradi wa miji ya kimkakati ni mwingine kabisa. Huo ulikuwa wa Benki ya Dunia, ulihusu Arusha na miji mingine sita, na ndio uliotia lami na taa kwenye mitaa ya ndani ya jiji lenu. Moshi haikuwamo katika hiyo saba, iliwekwa kwenye mpango mwingine wa kuimarisha halmashauri za miji.

Sasa, mchepuo hujengwa ili lori la kwenda mpakani Namanga au Holili lisiingie katikati ya mji. Kazi yake ni kupitisha. Hizo mbao na nondo ulizoziona zimejipanga kando ya barabara kama shanga, na ukiingia mita 200 ndani unakuta mahindi yako yako palepale. Mwanzisha uzi anauliza kuhusu barabara ya mtaa, ambayo kazi yake ni kufikisha. Kwa hiyo mfano wa kutazama ni mitaa ya ndani ya Arusha.

Binti wa Sombetini

Kwa kuwa mitaa ya ndani imetajwa, naomba niseme yaliyotupata sisi, maana nyumba yetu iko kwenye mtaa wa jijini Arusha uliowekewa lami.

Kabla ya lami, baraza ya mama ilikuwa juu ya njia kwa ngazi mbili. Mkandarasi alikuja akamwaga moramu, akashindilia, akaleta kokoto, akashindilia tena, na kila tabaka lilipopanda sisi tulikuwa tukishuka. Alipomaliza lami, ukisimama mlangoni kwetu macho yanalingana na magurudumu ya bajaji. Mtaro ulipita kati yetu na barabara, mpana kuliko hatua ya mtu mzima, na ahadi ya kuweka vivuko mbele ya kila nyumba ikatimizwa kwa baadhi tu. Mama aliweka ubao wa mninga juu ya mtaro ili wateja wa duka wavuke. Msimu wa masika wa kwanza tulikesha tukichota maji kwa ndoo, na nilimbeba bibi mgongoni kwenye ubao huo usiku, huku yeye ameshika tochi, kwa sababu alikataa kulala kwenye nyumba yenye maji.

Na bado nasema ukweli wote: kodi ya fremu ya mama ilipanda kutoka shilingi 60,000 hadi 150,000 kwa mwezi katika miaka miwili, na ndiyo iliyonilipia ada ya chuo. Jirani yetu aliyekuwa amepanga fremu ya cherehani alishindwa kodi mpya akaondoka. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama lami ilituinua au ilituzamisha, namjibu kwamba yote mawili yametokea kwenye kiwanja kimoja.

Fundi Mitaro

Pole sana dada, na asante kwa kueleza kwa kina. Hilo la nyumba kuachwa shimoni lina sababu ya kifundi. Kwenye mtaa uliokwisha kujengwa, njia sahihi ni kuchimba kwanza, kutoa udongo wa zamani na kuuhamisha, kisha kuanza kupanga matabaka kutoka chini, ili lami ikimalizika iwe chini ya vizingiti vya nyumba. Kuchimba na kusomba udongo ni gharama, na chini ya ardhi kuna mabomba ya maji ambayo hakuna mwenye ramani yake kamili. Hapo ndipo mtu hushawishika kupandisha tu juu ya kilichopo.

Kwa Moshi kuna jambo kubwa zaidi, na inafaa mwanzisha uzi alitafakari sana. Mji wetu umelala kwenye mteremko. Maji yote yanatoka mlimani kaskazini yakielekea kusini, ndiyo maana mito Rau na Karanga inateremka hivyo. Mitaa mingi ya mjini imefuata mteremko, kwa hiyo maji hukimbia kando yake. Barabara unayoipendekeza inakwenda sambamba na reli, yaani inayakata maji kiubavu. Tuta la reli tayari linayazuia. Ukiongeza tuta la pili upande wa chini bila makalavati ya kutosha, umetengeneza bwawa katikati, na bwawa hilo litakuwa ndani ya vyumba vya watu. Mimi ningeanza na makalavati, nikamaliza na lami. Wengi huanza na lami kwa sababu ndiyo inayopigwa picha.

Mpangaji Kaloleni

Mnazungumza makalavati, sisi tunawaza alama ya X inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa. Sheria inasema mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pimeni mita 30 kila upande kwenye vichochoro vyetu mwone kama kuna nyumba itakayobaki kuhuishwa. Mtakuwa mmeuendeleza mji kwa kuuondoa.

Wakili wa Uani

Ndugu Mpangaji, hofu yako naielewa, lakini kipimo hicho si cha mitaa. Mita 30 kila upande, zilizopanda kutoka 22.5, zilikuja na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, nazo zinahusu barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara hizo. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu mwaka 2017, na upana wake hufuata mchoro wa mipango miji wa eneo. Mchoro ukisema mita 10, ni mita 10. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza ofisini ni la mchoro, na la fedha lifuate.

Kuhusu alama, watu wamezoea kwamba X nyekundu ni ya aliye ndani ya hifadhi ya barabara, ambaye halipwi, na ya kijani ni ya yule ambaye barabara imemfuata, na huyo ana haki ya fidia. Fidia hiyo haiishii kwenye thamani ya jengo. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36, na hasara ya faida ya biashara, nayo kwa miezi 36. Uthamini uliofanyika una uhai wa miaka miwili chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, kwa hiyo mkikaa muda mrefu bila kulipwa, daini uthamini mpya.

Panapouma ni hapa. Hasara ya faida huthibitishwa, inapohitajika, kwa hesabu zilizokaguliwa. Mama lishe anayepika wali na maharage kwenye kona kwa miaka 15, mwenye daftari moja la madeni, atatoa wapi hesabu zilizokaguliwa? Na mpangaji hana ardhi ya kuthaminiwa. Katika shauri nililowahi kusaidia, mwenye nyumba alipata hundi yake, na wapangaji wake sita walipata notisi.

Mpangaji Kaloleni

Asante Wakili kwa kunirekebisha, kipimo nilikikosea na nimekifuta kichwani. Lakini mstari wako wa mwisho ndio niliokuwa nautafuta tangu mwanzo. Kata hizi za kusini zimejaa wapangaji. Tunapohesabu watakaofaidika na mji mpya, tuwahesabu na hao.

Mjukuu wa Saba

Nina sababu nyingine ambayo haijatajwa. Babu yangu alijenga ghala mwaka ambao hata baba hakuwa amezaliwa. Babu alifariki bila wosia. Warithi sasa tuko kumi na mmoja, wengine Dar es Salaam, mmoja yuko Canada, msimamizi wa mirathi wa kwanza alifariki, na wa pili hajakubalika na shangazi. Geti lina kufuli ambayo ufunguo wake hatujui anao nani. Amekuja mtu anataka kukodi ageuze karakana ya milango ya chuma. Hakupata wa kusaini naye mkataba.

Ghala hilo limekaa tupu kwa sababu ya kikao cha ukoo kisichofanyika, na naamini si la kwetu peke yetu mjini hapa. Uvumi wa barabara ukisikika, bei itapanda, na bei ikipanda ndipo ndugu wa Canada naye atapanda ndege. Ugomvi utaongezeka kabla ya jengo jipya kuonekana.

Karani wa Kahawa

Mangi Mjukuu, pole kwa hayo. Hata hivyo jiulize: enzi ghala lile lilipokuwa likilipwa kodi kila mwezi kwa ajili ya magunia, je, ukoo haukukaa kikao? Mali inayozaa hupatanisha. Mimi bado niko kwenye mzigo.

Mjukuu wa Saba

Karani, ukoo ulikaa kwa sababu babu alikuwa hai, na alipokohoa wote walinyamaza.

Mchora Ramani

Nilisomea mipango miji na nimefanya kazi ya urasimishaji makazi, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Dhana kwamba barabara huvuta majengo yenyewe ni ya zamani na ina ukweli nusu. London waliwahi kubomoa vichochoro vya maskini wakakata barabara pana iitwayo Kingsway, ikafunguliwa mwaka 1905 kwa matumaini kwamba majengo makubwa yatafuata mara moja. Kando yake na pale inapoishia, Aldwych, baadhi ya viwanja vilikaa miaka mingi bila kujengwa. Jengo maarufu kuliko yote pale, Bush House, ambalo wazee wetu walilisikia likitajwa redioni kila jioni kwa sababu ndiko Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikokuwa, lilifunguliwa mwaka 1925. Hiyo ni miaka 20 baada ya barabara. Waliobomolewa vyumba vyao hawakuwa na miaka 20 ya kusubiri.

Na upande mwingine kuna Magomeni Kota jijini Dar es Salaam. Pale mitaa ilikuwapo tayari. Kilichofanyika ni kujenga upya makazi yenyewe kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale, na mwaka 2022 maghorofa yakazinduliwa. Mji unaweza kujengwa upya pasipo kufungua barabara mpya hata moja, ikiwa ardhi ina mwenye uwezo na nia.

Kwa upande wa Njoro na Pasua, ningeanza na zile K tatu: kupanga, kupima, kumilikisha. Nimeona mitaa ambayo wananchi wenyewe walikubaliana kila mmoja atoe mita moja na nusu ya kiwanja chake, njia ikapatikana bila fidia wala tingatinga, na kila mmoja akabaki na kiwanja kidogo zaidi lakini chenye hati na kinachofikika kwa gari la wagonjwa. Kazi hiyo haikuwa ya mitambo. Ilikuwa vikao vya Jumapili mchana chini ya mwembe, bikoni moja baada ya nyingine, na mzee mmoja aliyekataa miezi minne hadi mkwewe alipougua usiku, na gari likashindwa kufika mlangoni.

Kijana wa Ngarenaro

Nakubali kurekebishwa na Mkadiriaji. Ila Mchora Ramani, kwa kasi ya mzee mmoja miezi minne, kata nzima itamalizika lini? Kuna wakati barabara ikitangulia hata kwa makosa, inawalazimisha watu kukaa mezani.

Mfanyabiashara wa Mbuyuni

Mimi nasema kama mtu wa nyanya na vitunguu. Mnataka kujua kwa nini sisi tuko Mbuyuni na hatuko kwenye mitaa mizuri? Kwa sababu gari la abiria linasimama pale. Mteja akishuka kwenye kifodi, hatua kumi za kwanza ndizo zinazouza. Wenzetu wa mitumba pale Memorial watakwambia hivyohivyo. Barabara isiyo na kituo cha kushushia hata iwe na taa za rangi saba haitakuwa na soko, na kituo kikiwekwa bila sehemu yetu, tutakaa juu ya mtaro, kisha tutaondolewa, kisha tutarudi. Tupangiwe mapema, tutalipa ushuru bila kufukuzana na mtu.

Mkadiriaji Majenzi

Hoja ya Mbuyuni ningeiweka juu kabisa. Naongeza la fedha. Tangu bajeti ya 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inabeba shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, na lengo lililotajwa wakati huo lilikuwa zaidi kufungua barabara za vijijini. Kwa hiyo mtaa wa mjini hushindana na kijiji kisichofikika kabisa wakati wa mvua. Mwanzisha uzi ajiandae kujibu kwa nini apewe yeye kabla ya mkulima wa ndizi.

Mwana wa Njoro

Nawashukuru wote. Jumamosi nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuandika: nilitembea njia yote niliyoipendekeza, tangu kivuko cha reli hadi mpakani mwa Pasua, nikiwa na kamba ya mita 20 na mpwa wangu wa darasa la sita.

Mahali papana zaidi, nyuma ya maghala, kamba haikufika ukutani. Mahali pembamba zaidi, kati ya ukuta wa nyumba ya kupanga na choo cha jirani yake, tulipata mita tatu na robo. Makalavati mawili ya chini ya reli tuliyoyaona yamejaa mchanga na chupa za plastiki hadi zaidi ya nusu, kwa hiyo Fundi Mitaro alichosema kuhusu bwawa nimekiona kikiwa tayari kimeanza. Nilihesabu mageti tisa yenye kufuli lililoshika kutu, na geti moja lililo wazi ambamo vijana wanne wanatengeneza viti kwa mbao za kreti. Niliwauliza kama barabara ingewafaa. Mkubwa wao alisema ingewafaa sana, kwa sababu sasa hivi viti wanavitoa kwa guta hadi barabarani, vitatu vitatu, na mvua ikinyesha hawavitoi kabisa. Kisha akaniomba nisiseme kwa sauti, maana mwenye ghala anawatoza kodi ndogo kwa kuwa anaamini hapafikiki.

Sijui nimjibu nini Karani kuhusu mzigo, isipokuwa kwamba viti vile ni mzigo.

Karani wa Kahawa

Viti ni mzigo, nakubali. Nitauliza vingapi kwa wiki.

Fundi Mitaro

Hayo makalavati mawili yako umbali gani kutoka kivukoni? Kama ni yale ninayoyafahamu, yalizibuliwa mara ya mwisho kwa majembe na watu wa mtaa wenyewe, na kazi ilichukua siku mbili. Masika hayasubiri mchoro.

Mwana wa Njoro

La kwanza ni hatua 140 kutoka kivukoni, la pili sikulipima. Jumatatu nitapita kwa mtendaji wa kata kuuliza kama kuna mchoro wa mipango miji wa eneo hili, kama Wakili alivyoelekeza, na nitawauliza wenye reli nani anaruhusiwa kuyagusa makalavati yale. Mwenye koleo za ziada upande wa Njoro anijulishe hapa.